Jina Moja, Chipu Mbili

Si kila mashine zenye jina moja hukubali programu ileile. Kiwanda huweza kurekebisha chipu, yaani moyo wa mashine, bila kubadili jina lake.

Mfano ni Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo ya ubao mmoja iliyobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 2023. Ubao wa kwanza ulikuwa na chipu ya BCM2712, toleo la C1. Mwezi Agosti 2024 ulitolewa ubao wa gigabaiti 2 wenye toleo la D0, ambalo sehemu zisizohitajika ziliondolewa ili kupunguza gharama. Uwezo wa kazi haukupungua. Lakini baadhi ya miunganisho ya ndani ilibadilika, na programu za awali zilihitaji kurekebishwa.

Basi chama kikibadilisha ubao wa aina hiyo ulioharibika, kisha kikatia kadi yenye programu ya zamani, huenda mashine isiwake, na wakulima wakabaki foleni na mazao yao.

Kamati za vyama zinashauriwa kuandika katika daftari la mali toleo la chipu na tarehe ya programu, kumtaka muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba vinapatana, na kuujaribu ubao wa akiba kabla ya msimu.