Kivinjari cha hazina ya msimbo

Kivinjari cha hazina ya msimbo ni programu ya kompyuta inayoonyesha folda na mafaili yaliyomo katika hazina ya mfumo wa udhibiti wa matoleo, bila mtumiaji kupakua kwanza nakala ya kazi. Nakala ya kazi ni folda iliyo kwenye kompyuta ya mtumiaji, ambamo hufanya mabadiliko yake kabla ya kuyatuma kwenye hazina.

Jinsi kinavyofanya kazi

Katika mfumo wa Subversion, ulioanzishwa na kampuni ya CollabNet mwaka 2000, hazina yote hukaa kwenye seva. Kila badiliko linalotumwa huipa hazina namba mpya ya toleo: 1, 2, 3 na kuendelea. Kivinjari huiomba seva orodha ya folda iliyofunguliwa, na faili huletwa pale linapohitajika. Mtumiaji akichagua namba ya zamani, huona mradi ulivyokuwa wakati huo, pamoja na mafaili yaliyofutwa baadaye.

Mifano

TortoiseSVN ya Windows ina kivinjari cha namna hii ndani yake. RapidSVN hutumika kwenye Linux na Windows. ViewVC, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, huonyesha hazina kupitia tovuti, kwa kusoma tu.

Kubadilisha hazina moja kwa moja

Kwa kutumia TortoiseSVN inawezekana pia kuunda, kuhamisha au kufuta folda iliyo kwenye seva. Kosa lililofanywa katika nakala ya kazi linaweza kurekebishwa kabla ya kutumwa. Katika kivinjari hakuna hatua hiyo: badiliko huwa toleo jipya papo hapo, na watumiaji wengine hulipata. Hata hivyo matoleo ya awali hubaki, hivyo folda iliyofutwa kwa bahati mbaya inaweza kunakiliwa upya kutoka toleo lililotangulia.

Tofauti na Git

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kwa kawaida hunakili historia nzima ya mradi kwenye kompyuta ya kila mtumiaji. Baada ya hapo programu kama gitk huionyesha bila intaneti, hata kama hakuna nakala ya kazi. Asiyetaka kunakili hazina hutegemea tovuti inayoionyesha, kwa mfano kupitia gitweb au GitHub.