Wa Kwanza Kufika Huwa Jike
Vimelea wa kaa na kamba: sehemu ya pili

Wiki iliyopita tulimfungua kaa koko wa Mtoni Kijichi tukatazama moyo wake, ini lake na matamvua anayopumulia. Leo tunabaki hapohapo penye matamvua, maana ndipo wanapopenda kukaa isopodi, vimelea ambao ukiwaona hutaamini kwamba wao na kaa ni wa ukoo mmoja.

Anayetaka kuwaona bila hadubini asianze na kaa, aanze na kamba. Muuzaji wa Tandika au Mbagala akishamwaga mafungu yake mezani, tazama mashavu ya kamba, pale gamba la kichwa linapofunika matamvua. Mara mojamoja hutokea kamba aliyevimba shavu moja tu, kama mtoto aliyeficha pipi. Inua gamba hilo kwa ukucha. Chini yake utakuta mdudu bapa mweupe, mwili umepinda upande, kifua kimejaa mayai. Huyo ni jike. Usimtupe bado, mgeuze utazame karibu na mkia wake. Ukiwa na macho mazuri utaona kidudu kingine cha milimita chache, kimenyooka vizuri, kimeshika kwa miguu yake yote. Huyo ndiye mume.

Nitangulize jibu la swali ambalo najua litaulizwa: mdudu huyu hajulikani kumdhuru mlaji. Mng'oe, osha kamba wako, endelea na mapishi.

Wavuvi wa Ufaransa waliwahi kuamini kwamba vidudu hivi ni watoto wa samaki bapa, eti wanalelewa na kamba mpaka wakue. Mwaka 1772 mtaalamu Fougeroux de Bondaroy aliwaeleza wenzake wa chuo cha sayansi cha Paris kwamba sivyo. Siwacheki wavuvi wale. Kitu bapa kilichopinda upande, kinachotoka chini ya gamba la kamba, ungekiita nini?

Sasa tuwaangalie kiungo kwa kiungo. Ndugu zao wa nchi kavu unawajua: ni vile vidudu vya kijivu vinavyotawanyika ukiinua tofali lenye unyevu au chungu cha maua, vingine vikijikunja duara. Vina jozi saba za miguu, macho, papasi na pingili zinazohesabika. Jike wa kwenye kamba ameacha karibu vyote hivyo. Macho yamefifia au yametoweka, papasi zimebaki vishina, na miguu imekuwa kulabu fupi za kushikilia tu; katika spishi nyingine karibu miguu yote ya upande mmoja imepotea. Mdomo umekuwa koni yenye ncha za kutobolea, anazotumia kunyonya damu ya mwenyeji wake. Akikaa shavu la kulia mwili hupindia upande huu, akikaa la kushoto hupindia ule, kwa kuwa hukua akifuata nafasi aliyoipata. Kilichokua kupita kiasi ni mfuko wa mayai, unaofanywa na mabamba yanayotoka chini ya miguu na kukutana katikati. Dume hakuhitaji mageuzi yote hayo. Amebaki mdogo, sawa pande zote mbili, na bado anafanana kidogo na wale wa chini ya tofali.

Familia hii inaitwa Bopyridae, ina spishi zaidi ya 600, na wenyeji wake ni kamba wa aina nyingi, kaa wa kwenye makoa na baadhi ya kaa wa kweli. Kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi anayefahamika sana ni Epipenaeon ingens, aliyepewa jina na Giuseppe Nobili mwaka 1906. Anajulikana kuanzia Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi hadi Australia, na humkalia hasa kamba Penaeus semisulcatus, ambaye yumo pia katika bahari yetu.

Kwa kaa mambo huenda ndani zaidi. Familia ya pili, Entoniscidae, haikai juu ya matamvua bali huzama mwilini, ikalala kati ya ini na viungo vya uzazi. Wa kwanza kuieleza alikuwa Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia Brazili. Mwaka 1862 alimtangaza Entoniscus porcellanae, aliyemkuta ndani ya kaa wadogo bapa wa miambani. Kule Ulaya yupo Portunion maenadis ndani ya kaa wa kijani wa ufukweni. Jike wa jamii hii amegeuka pochi laini yenye marinda, na asiyemjua angemtupa pamoja na matumbo ya kaa. Seli za damu ya kaa humzingira na kumfunika kwa utando, na utando huo huacha tundu dogo linalotokea kwenye chumba cha matamvua. Kupitia tundu hilo anapata maji safi, na humo ndimo watoto wanamotokea. Si kwamba kaa hushindwa kila mara: mwaka 1980 Armand Kuris na wenzake walieleza jinsi kaa wa California wanavyofanikiwa wakati mwingine kumuua kimelea wao kwa seli hizohizo.

Mtoto akitoka ana jozi sita za miguu na safari ndefu mbele yake. Kwanza huogelea kutafuta kopepoda, vijidudu vinavyoelea baharini kwa mamilioni, akamng'ang'ania mmoja na kumnyonya. Hapo hubadilika umbo. Akishakomaa kiasi humwacha, hushuka chini na kumtafuta kaa au kamba wa kumaliza naye maisha.

Hadi hapo hana jinsia iliyoamuliwa. Akimkuta mwenyeji mtupu, anakuwa jike. Akikuta jike keshatangulia, anamkalia na kuwa dume. Mtaalamu wa Italia, Giuseppe Reverberi, alilijaribu jambo hili miaka ya 1940: aliwachukua vijana waliokwisha kuelekea ujike akawaweka juu ya majike wengine, wakageuka madume. Katika bahari pana ambamo kumpata mwenza ni bahati nasibu, sioni mpango bora kuliko huu.

Na kaa je? Huendelea kula, kutembea na kugombana. Anaweza hata kujivua gamba. Kinachokatika ni uzazi. Mfaransa Alfred Giard, aliyewachunguza vimelea hawa pamoja na Jules Bonnier miaka ya 1880, ndiye aliyeiita hali hii kuhasiwa na kimelea: mayai hayakui, au yanakua machache, kwa sababu chakula cha kuyajenga kinakwenda kwa mwingine. Mvuvi akimpima kwenye mizani haoni hasara yoyote. Hasara iko kwa kizazi ambacho hakikuzaliwa, na ndiyo maana nasema anayehesabu akiba ya kamba au kaa kwa kilo peke yake anahesabu nusu. Jike mmoja wa kaa koko akitoka mikokoni kwenda kutaga nje baharini hubeba mayai kwa mamilioni. Akiwa tasa, mamilioni hayo yote hayapo.

Kuna isopodi wengine ambao hawamgusi kaa mwenyewe. Wao humnyonya kimelea mwingine, Sacculina, na Sacculina ndiye humnyonya kaa, humpenyeza mizizi mwili mzima na kumfanya kaa dume aote tumbo pana la kike. Huyo ndiye tutakayemfungua wiki ijayo.