Hesabu Siku Kabla ya Kilomita: Marathoni ya Joto kwa Mkimbiaji wa Salamabila

Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alifika pwani akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka 5 mfululizo, na wachache walidhani atashindwa. Katika mzunguko wa mwisho alitoka njiani, joto na unyevunyevu vikiwa vimemmaliza, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Mbio zenyewe zilikuwa za kilomita 12 tu. Kijana wa Salamabila, Kabambare au Kasongo, katika jimbo la Maniema nchini Kongo, anayetamani kukimbia kilomita 42.195 katika mji mkubwa wenye joto kama Mombasa au Dar es Salaam aitafakari siku ile kabla hata ya kununua viatu. Bekele hakupungukiwa kipaji wala mazoezi, ila joto ni mtihani wa pekee, na una maandalizi yake. Hoja yangu ni kwamba anayejiandaa kwa marathoni ya joto ahesabu siku kwanza, kilomita baadaye. Mwili huzoea joto kwa siku na kulisahau kwa siku, na safari ya kutoka Maniema ya kusini hula siku hizohizo.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Misuli inapofanya kazi, takriban robo tu ya nguvu inayotumika ndiyo inayomsogeza mtu mbele. Inayobaki yote hugeuka joto. Mtu wa kilo 60 anayemaliza marathoni hutumia karibu kalori 2,500, na kama 2,000 kati ya hizo ni joto linalotakiwa kutoka nje. Hewa ikiwa na joto kama la ngozi, njia kubwa inayobaki ni jasho. Lita 1 ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa karibu kalori 580. Jasho linalodondoka chini halipoozi chochote, na hapo ndipo unyevunyevu wa pwani unapoumiza: hewa imeshiba maji, jasho halikauki. Moyo nao hulazimika kugawa damu ileile kati ya misuli inayodai hewa safi na ngozi inayodai kupozwa. Kasi lazima ipungue. Huo si uvivu wala woga, ni hesabu ya damu.

Ushahidi uko wazi katika matokeo ya wakimbiaji bora kabisa. Katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza dakika 1 kabla ya saa sita usiku ili kukwepa jua, lakini joto lilibaki juu ya nyuzi 30 na unyevu juu ya asilimia 70. Wanawake 68 walianza, 40 wakamaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, ilhali Januari ya mwaka huohuo, Dubai, alikuwa amekimbia kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Na wanaoteseka zaidi ni wakimbiaji wa kawaida, maana hukaa juani saa nyingi kuliko mabingwa. Tarehe 7 Oktoba 2007 joto la Chicago lilipanda juu ya nyuzi 30, na waandaaji wakalazimika kusimamisha mbio saa kama tatu na nusu baada ya kuanza, maelfu ya watu wakiwa bado barabarani.

Wengi kwetu watajibu: sisi tumezaliwa juani, joto litatufanya nini? Jibu limo katika historia ya kazi ambayo Salamabila inaijua vizuri, yaani uchimbaji wa dhahabu. Sehemu kubwa ya elimu ya kuzoesha mwili joto ilizaliwa katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, baada ya wachimbaji kuanza kufa kwa kiharusi cha joto chini ya ardhi katika miaka ya 1920. Wachimbaji wengi waliajiriwa kutoka Msumbiji na Malawi, nchi zenye joto kweli, na bado migodi ililazimika kuwazoesha hatua kwa hatua, kazi ikiongezwa siku hadi siku, kabla ya kuwashusha kwenye mashimo ya moto. Kuzaliwa juani hakukuwatosha. Mwili huzoea joto ulilolifanyia kazi wiki hizi, wala haujali ulikozaliwa. Mwalimu anayeshinda darasani kisha akakimbia alfajiri ya kiangazi, kukiwa na ubaridi, anaishi katika nchi ya joto lakini mazoezi yake ni ya baridi. Anayebeba mchanga wa dhahabu mchana kutwa yuko mbele yake kwa hilo, ingawa hajawahi kujiita mwanariadha.

Habari njema ni kwamba kujizoesha hakuhitaji mashine wala fedha nyingi. Kunahitaji siku 7 hadi 14 mfululizo, kila siku dakika 60 hadi 90 za mwendo wa polepole katika joto. Katika siku 5 za mwanzo majimaji ya damu huongezeka, na moyo hupata nafuu. Baadaye jasho huanza kutoka mapema zaidi, hutoka kwa wingi, na chumvi yake hupungua. Kwa hiyo mkimbiaji wa Salamabila, wiki mbili kabla ya kusafiri, ahamishe sehemu ya mazoezi kutoka alfajiri hadi mchana, kwanza dakika 30, kisha aongeze kidogo kidogo. Asikimbie peke yake, na aache mara moja akihisi kizunguzungu, kichefuchefu au baridi ya ghafla. Kwa asiyeweza kutoka mchana, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walionyesha mwaka 2016 kwamba kukimbia kwenye ubaridi kisha kukaa ndani ya maji ya moto ya nyuzi 40 kwa muda usiozidi dakika 40, siku 6 mfululizo, kunaleta sehemu kubwa ya faida hiyohiyo. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito na anayetoka kwenye homa wasijaribu njia hizi bila ushauri wa muuguzi au daktari.

Faida hiyo, hata hivyo, haidumu. Ukiacha joto, hupungua kwa takriban asilimia 2.5 kila siku, na baada ya wiki tatu au nne sehemu kubwa yake huwa imeisha. Hapa ndipo safari inapoingia katika mazoezi. Masika Maniema, lori likizama kwenye matope kati ya Salamabila na Kasongo, huenda abiria wakalala njiani. Usalama ukiharibika, barabara hufungwa bila tangazo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 na wa Kavumu, karibu na Bukavu, Februari ya mwaka huo, kwa sababu ya vita. Viwanja hivyo visipokuwa wazi, anayekwenda mashariki atafute njia ya kufika Ziwa Tanganyika, avuke hadi Kigoma, kisha apande basi au treni ya reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Siku 7 za safari ya namna hiyo, ukiwa umekaa bila mazoezi, hupunguza kama sehemu moja ya sita ya mazoea yako ya joto. Hasara hiyo inavumilika. Isiyovumilika ni kufika usiku wa kuamkia mbio, miguu imevimba kwa kukaa, usingizi haujapatikana siku tatu, tumbo limevurugwa na chakula cha njiani.

Kwa hiyo kalenda ihesabiwe kutoka siku ya mbio kurudi nyuma. Siku 4 za mwisho ziwe za mji wa mbio: kulala, kunyoosha miguu na kukimbia dakika 30 katika hewa ya huko, kwa kuwa mwili uliokwisha kuzoea joto hulikumbuka haraka kuliko unaoanza upya. Kabla ya hizo ziwe siku za safari kama inavyotarajiwa, na juu yake uongeze akiba ya siku 3 au 4 za matope, injini na vizuizi. Kabla ya safari ndipo zikae zile wiki mbili za mchana. Babu zetu nao walijua kupanga safari kwa kulizingatia joto. Misafara ya karne ya 19 kati ya Ujiji, Kabambare na Kasongo iling'oa kambi alfajiri na kutua kabla ya jua kali. Waliipanga safari kwa kufuata jua, hawakungoja jua liwafuate wao.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi: nani ana fedha za kulala mjini siku 4? Kweli, gharama ni kubwa, na simlaumu asiyeweza. Lakini tulinganishe gharama mbili. Anayefika usiku wa kuamkia mbio tayari amelipa nauli, kiingilio na wiki zote za mazoezi, kisha anaviweka vyote rehani ili kuokoa kodi ya chumba. Penye ndugu au jamaa, na watu wa Maniema wana jamaa Kigoma na Dar es Salaam, akiba hiyo hupatikana. Pasipo na jamaa, ni heri kuchagua mbio za karibu mwaka huu na kuweka akiba kwa mwakani. Tena kuchelewa si msiba wa maskini peke yake. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalisimamisha ndege Ulaya siku chache kabla ya marathoni ya London, na waandaaji wakakodi ndege maalumu kuwaleta wakimbiaji wa Afrika Mashariki. Bingwa hukodiwa ndege. Sisi wengine tujikodie siku.

Pingamizi la tatu husikika kwenye kila mstari wa kuanzia: kunywa maji mengi, mengine yatajipanga. Ushauri huu umeua watu. Baada ya marathoni ya Boston ya mwaka 2002, madaktari walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wamepungukiwa sodiamu, wengi kwa kunywa kupita kiasi cha kiu na jasho lao. Sodiamu ikishuka sana ubongo huvimba. Anayekimbia polepole ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa hupita meza za maji mara nyingi na hutoka jasho kidogo. Kanuni salama ni kunywa kwa kiu, na kujipima uzito kabla na baada ya zoezi refu. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umezidisha. Ukipungua zaidi ya kilo 2 kwa kila 100 za uzito wako, ongeza kidogo mara nyingine. Maji ya ziada yafaa zaidi kichwani, shingoni na mikononi, yakaukie pale.

Mwisho ni kasi. Mkimbiaji aliyejizoesha joto akafika mapema bado anaweza kuharibu yote kwa kung'ang'ania muda aliouandika miezi mitatu iliyopita. Atazame Alphonce Simbu wa Tanzania. Tarehe 15 Septemba 2025, katika joto la Tokyo, alikuwa bingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule wa Amanal Petros wa Ujerumani, wakitenganishwa na sehemu za mia za sekunde. Muda wake bora ulikuwa karibu dakika 5 chini ya huo. Hakudai hali ya hewa ya Tokyo ifanane na ya mji wa baridi. Alikaa ndani ya kundi, akavumilia, akatoa alichokihifadhi kwenye mita za mwisho. Ratiba nayo isikuvunje moyo. Mwaka 2021 huko Sapporo wanawake waliambiwa jioni ya kuamkia mbio za Olimpiki kwamba kuanza kumesogezwa kutoka saa moja hadi saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya joto, na Peres Jepchirchir wa Kenya akashinda hivyohivyo.

Kuna pia siku ya kutokuanza. Aliyetoka kwenye malaria au kuhara wiki ile asisimame mstarini, maana homa na upungufu wa maji huuondolea mwili uwezo wake wa kujipoza. Na kila anayemsindikiza mkimbiaji ajue dalili hizi: akianza kuropoka, kupepesuka au kutojua alipo, hicho ni kiharusi cha joto. Azamishwe katika maji baridi papo hapo, au amwagiwe maji mfululizo, kabla ya kutafutiwa gari. Dakika zinazopotea barabarani ndizo zinazoua.

Ndiyo maana mwanzo wa maandalizi uwe karatasi yenye tarehe: siku ya mbio, siku ya kufika, akiba ya njia, wiki mbili za joto. Ikiwa kati ya leo na siku ya mbio tarehe hizo hazitoshi, mkimbiaji mwenye busara atachagua mbio nyingine wakati bado hajalipa nauli. Zikitosha, basi kilomita alizokimbia kwenye barabara za Kabambare hazitakwenda bure.