Walionifunza kupiga picha hawajui hata jina langu

Kila wiki lazima kuna mtu ataniandikia inboksi: "Buda, unatumia kamera gani?" Namjibu: simu yangu, na kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 50. Stori inaishia hapo. Bado sijapata mtu wa kuniuliza nilikuwa nikitazama picha za nani kabla sijaishika hiyo kamera, na hilo ndilo swali ningependa kujibu.

Chuo niliacha, na hata huko sikuwa nasomea mambo ya picha. Sina studio wala cheti, napiga picha mtaani kwa sababu napenda. Walimu wangu niliwapata kwenye vitabu vya kuazima, filamu za YouTube na kurasa za Instagram. Wengine walifariki kabla sijazaliwa. Kinachonirudisha kwao ni kwamba hawakubaliani.

Wa kwanza ni Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Mwaka wa 1935, akiwa bado kijana mdogo, mzee mmoja wa familia yao alimletea kamera ya Kodak Brownie kutoka safari ya Senegal. Kufikia 1948 alikuwa amefungua studio yake, na watu wakamiminika. Kwa miaka kadhaa pazia lake la nyuma lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Kama hukuwa na suti, alikuwa nayo. Saa ya mkono, kalamu ya kuchomeka mfukoni, redio, hata pikipiki ya kuegemea, zote zilikuwepo. Kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, basi, maana filamu ilikuwa ghali. Sisi tunapiga 40 ili tufute 39.

Unaweza kusema huo ni uongo, kumvisha mtu saa isiyo yake. Mimi naona kinyume. Yule mama wa Bamako alikuwa anaamua mwenyewe atakumbukwa vipi, na Keïta alikuwa anamsaidia. Picha ilikuwa ya mama, si ya Keïta.

Ila hilo la "si ya Keïta" lilikuja kumgeukia vibaya. Mwaka wa 1991 picha zake zilionyeshwa New York, na pale penye jina la mpiga picha ikaandikwa kwamba hajulikani. Jamaa alikuwa hai, yuko Bamako. Tangu nisome hiyo stori, kila faili langu lina jina langu, tarehe na mahali. Wasee wananicheka. Sawa tu.

Huku kwetu pwani tulikuwa na Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio Lamu. Alijifunza mwenyewe, na alikuwa akikata picha kwa makasi na kuzibandika upya, mtu anatokea mahali ambapo hangeweza kuwa. Leo kijana akifanya hivyo kwa programu ya simu anajiona amevumbua kitu. Na ukitaka kuona wazo la tandiko la Keïta limefika wapi, tazama kazi za Thandiwe Muriu wa hapa Nairobi, ule mfululizo anaouita Camo. Mwanamke amevaa kitenge, nyuma yake kuna kitenge kilekile, na machoni ana miwani iliyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani ambavyo hata hujawahi kuvitazama mara mbili. Kitambaa kinataka kummeza, lakini yeye ndiye unayemwona. Alianza kupiga picha akiwa na miaka 14.

Hao ni walimu wa upande mmoja, upande wa kuomba ruhusa na kumpa mtu nafasi ya kujipanga. Upande wa pili ni mgumu zaidi, na mwenyekiti wake ni Mohamed Amin.

Amin alizaliwa Eastleigh mwaka wa 1943. Mwaka wa 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, akiwa Dar es Salaam. Julai 5, 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi nje ya duka la dawa kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, Amin alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika na kamera. Halafu Oktoba 1984 akaenda Korem, Ethiopia, na mwanahabari wa BBC Michael Buerk. Dunia ikaiona ile njaa kwenye runinga, wanamuziki wakarekodi nyimbo za kuchangisha pesa, na Julai 1985 ikafanyika tamasha ya Live Aid. Mwaka wa 1991 bohari la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Mtu mwingine angestaafu. Yeye alirudi kazini na mkono wa bandia, mpaka Novemba 1996 alipofariki kwenye ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Comoro.

Nikitazama picha za Korem huwa nakaa kimya kwanza. Hakuna aliyewauliza wale watu wangependa kuonekana vipi. Hawakuwa na suti ya kuazima. Na bila zile picha, chakula kingechelewa zaidi na wengi zaidi wangekufa. Nimejaribu kuchagua kati ya Keïta na Amin na sijaweza.

Lakini Amin asitumike kama kisingizio. Kuna jamaa wanaenda mitaa ya mabanda wikendi, wanampiga picha mzee wa njugu kutoka ng'ambo ya barabara, wanaitoa rangi ili ionekane ya huzuni, kisha wanaandika chini yake maneno ya kutia moyo. Mzee hana habari. Amin alikaa na watu wake karibu, na alilipia kazi yake kwa mwili.

Aliyenionyesha njia ya katikati ni Boniface Mwangi. Alikuwa akilipigia gazeti picha wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na amewahi kusema kwamba maisha ya Amin ndiyo yaliyomvuta kwenye kazi hii. Angeweza kuziacha zile picha kwenye maktaba ya gazeti. Badala yake akaanzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyozunguka miji ya nchi hii na kutundikwa barabarani, watu wajionee walichofanyiana. Picha zikarudi zilikotoka.

Haya yote yalikuwa nadharia kwangu hadi Juni 25, 2024. Siku ile kila mtu katikati ya jiji alikuwa mpiga picha. Mimi pia nilikuwepo. Kati ya nilizopiga kuna moja naijua kuwa ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kupiga: msichana ameinua bendera, moshi nyuma yake, uso wake wazi kabisa, anacheka. Anacheka! Kwa sheria ya Amin, picha hiyo ingetoka jioni ileile.

Sikuitoa. Siku zile vijana walikuwa wanachukuliwa na watu wasiojitambulisha, na uso ulio wazi ni anwani. Nilipost za migongo na viatu, nikapata likes chache.

Ilinichukua karibu miezi mitatu kumpata, kupitia rafiki ya rafiki. Tulikutana tukanywa chai, nikamwonyesha kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akaisogeza pembeni. Akasema yeye hana shida, niweke popote. Shida ni dada yake, aliyesimama nyuma yake upande wa kushoto, nusu ya uso inaonekana, na ameajiriwa serikalini. Nikamwambia naweza kuikata pale pembeni. Akasema ikikatwa haitakuwa siku ile tena, maana walikwenda pamoja.

Nilimchapishia moja River Road, saizi ya A4, jina langu na tarehe nyuma yake, akaondoka nayo ndani ya bahasha. Ile ya mtandaoni bado tunamsubiri dada.