Mvuke wa Makonyo na Hita ya Bafuni

Siku Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, Pemba, kinapopika, pua hukwambia kabla ya macho. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Hutiwa ndani ya mapipa makubwa, mvuke ukapitishwa katikati yake, ukatoka umebeba mafuta. Ukipozwa, mvuke hurudi kuwa maji, na mafuta hujitenga; tena haya, tofauti na ya nazi, huzama chini.

Nimekikumbuka kiwanda kwa sababu ya hita za bafuni. Kipupwe kikiingia, waliokwisha kuzitia hulalamika mambo mawili: hita inalia, na maji hayatulii, mara vuguvugu, mara yanaunguza. Wengine hununua hita mpya, na kelele ikahamia humo.

Malalamiko yote mawili, kama kazi ya kiwanda, ni habari ya joto na mvuke. Miaka ya 1760, huko Glasgow, mwanasayansi Joseph Black alionyesha kwamba wingi wa joto na ukali wa joto ni vitu viwili. Maji yakifika nyuzi 100, chochea moto upendavyo, hayapandi. Joto lote huishia kuyageuza mvuke. Kilo moja ya maji ya tangini, yenye nyuzi 27, huhitaji kilojuli kama 305 ili ichemke. Kuigeuza yote mvuke ni 2,257 nyingine, zaidi ya mara saba! Mvuke hulitema joto hilo unapogusa kitu baridi, makonyo au mkono wako.

Sasa sikiliza birika. Huimba kabla ya kuchemka, kisha sauti hupungua. Viputo vya mvuke huzaliwa chini kwenye moto, vikapanda kwenye maji ambayo bado hayajapata moto, vikasinyaa ghafla. Kila kimoja hupiga kidogo. Ndani ya hita hali ni hiyo hiyo, ila mkosaji ni ukoko. Maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa huja na chokaa yake, na yakipashwa moto huiacha juu ya chuma kinachopasha. Chini ya gamba hilo maji huchemka kwa siri, hata kama ya juu ni ya kuogea tu. Uingereza, ambako nyumba hupashwa kwa maji ya moto yanayozunguka mabombani, mafundi wameipa kelele hii jina la birika. Dawa ni kuzima umeme kwenye swichi kuu, fundi akifungue chuma, akiloweke kwenye siki mpaka ukoko umumunyike.

La maji kutotulia halitaki siki, linataka hesabu. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 haijui wewe unapenda nyuzi ngapi. Humwaga joto lile lile kila sekunde. Yakipita lita 6 kwa dakika, maji yale ya nyuzi 27 hupanda nyuzi kama 13, yakafika 40. Mtu akifungua mfereji wa jikoni zikabaki lita 3, hupanda 26, yakafika 53, nawe utatoka bafuni mbio. Basi kabla ya kuilaumu hita, kinga ndoo ya lita 10 uangalie saa: ikijaa kwa sekunde 100, mtiririko ni lita 6. Ikichelewa, tazama vitundu vya shawa, huko nako chokaa hukaa.

Maji yakipoa na mtiririko ni ule ule, shuku umeme. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu ya hita hubaki kama theluthi mbili. Na ukihisi mchonyoto mwilini unapogusa maji, usiendelee kuoga hata kidogo. Zima, umwite fundi atazame waya wa ethi.

Bibi zetu, bila hita, walitia birika la lita 2 linalochemka kwenye lita 8 za maji ya mtungi, wakakoroga kwa kata, wakajaribu kwa kiwiko. Piga hesabu, ya mtungi yakiwa nyuzi 27 kama ya tangini: nyuzi 41 na ushei.