Suti ya mtoto ya kupigia mbizi hainunuliwi ‘akue nayo’

SARE ya shule hununuliwa kubwa kidogo, mikono ikakunjwa na pindo likashonwa ndani, ili mtoto aivae miaka miwili. Ni ubanaji matumizi ambao karibu kila mzazi anaujua. Mtoto anapoanza kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, hesabu hiyo haifai tena. Suti yake lazima imtoshe leo, si mwakani.

Mafunzo haya huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kwa utaratibu wa PADI, ambao vyeti vyake hutolewa na vituo vingi vya pwani ya Kenya na Tanzania, mtoto wa miaka 8 anaweza kujaribu katika maji yasiyozidi kina cha mita 2. Akifika miaka 10 anaweza kusomea cheti cha vijana.

Bahari ya joto, baridi ya nini?

Maji ya Diani, Watamu au Zanzibar huwa na joto la nyuzi 25 hadi 29 hivi, yakipoa zaidi majira ya kusi. Mwili una nyuzi 37, na maji huondoa joto la mwili kwa kasi inayozidi ya hewa zaidi ya mara 20. Mtoto, kwa kuwa mwili wake ni mdogo, hupoa kabla ya mtu mzima.

Suti hutengenezwa kwa neoprini, mpira wenye vipovu vidogo vya gesi vinavyozuia joto lisitoke. Haizuii maji kabisa. Maji kidogo huingia, yakabanwa karibu na ngozi na kupashwa joto na mwili. Suti ikipwaya, kila mtoto anaporusha mguu maji hayo hutoka na mengine ya baridi huingia.

Suti inayobana mno ina hatari yake. Kifua hakipanuki vizuri, mtoto hupumua juu juu, huchoka na kuingiwa na hofu. Shingo ikikazwa sana anaweza kupata kizunguzungu, hata kuzimia.

Namna ya kuikagua

• Mpe muuzaji au kituo urefu, uzito, kifua na kiuno cha mtoto. Umri pekee hautoshi, maana watoto wa miaka 10 hawalingani.

• Avae akiwa mkavu. Mfuko wa plastiki mguuni husaidia suti kuteleza. Avute kwa ncha za vidole, si kwa kucha, kwa kuwa neoprini huchanika.

• Tazama kwapani, kiunoni kwa nyuma na katikati ya mapaja. Pasiwe na nafasi wala mikunjo mikubwa.

• Ainue mikono, achuchumae, kisha avute pumzi ndefu mara kadhaa. Nchi kavu suti huonekana kumbana kidogo, na hilo ni kawaida. Kushindwa kupumua au kukunja magoti si kawaida.

• Ingiza kidole shingoni. Mpira ushike ngozi bila kumkaba.

Kwa maji ya pwani yetu, suti ya unene wa milimita 3 hutumika sana. Ifunikayo mikono na miguu humkinga pia na jua na mikwaruzo ya matumbawe. Suti humsaidia mtoto kuelea kidogo, lakini si jaketi la kujiokolea. Kwenye boti bado anahitaji jaketi lake.

Kununua au kukodi?

Watoto hukua haraka: suti iliyomtosha Desemba huenda ikambana Agosti. Kwa familia inayokwenda pwani mara moja kwa mwaka, kukodi ni nafuu. Piga simu mapema uulize kama kituo kina saizi za watoto, kwa kuwa si vyote vinazo.

Siku ya kuingia majini, usimwambie mtoto “jikaze.” Akianza kutetemeka au midomo ikabadilika rangi, atoke, akaushwe na apewe kinywaji cha moto. Na kama kituo kina suti za watu wazima tu, mzazi ana haki ya kukataa. Mbizi itapigwa siku nyingine.