Siyu, mji uliotia nakshi misahafu bila dhahabu ya wafalme

MSOMAJI aliye Leparua, katika Kaunti ya Isiolo, akisikia habari za misahafu iliyotiwa nakshi huenda akafikiria kasri za Baghdad au Istanbul. Hana haja ya kwenda mbali hivyo. Katika kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu, upo mji wa Siyu, ambao makatibu wake walinakili Kurani kwa mkono na kuipamba katika karne ya 18 na ya 19.

Ni kweli kwamba fani hii ililelewa na wakubwa. Ibn Muqla, waziri wa makhalifa watatu wa Bani Abbas mjini Baghdad, ndiye anayesifiwa kwa kuweka kanuni ya kupima herufi kwa nukta ya kalamu: alifu hupimwa kwa idadi ya nukta, na herufi nyingine hukadiriwa kwa duara ambalo kipenyo chake ni urefu wa alifu hiyo. Siasa ilipomgeuka alikatwa mkono wa kulia, akafa kifungoni mwaka 940. Baada yake alikuja Ibn al-Bawwab, ambaye msahafu wake wa mwaka 391 Hijria (1000-1001) umehifadhiwa Dublin, Ireland.

Sababu ya kazi hii kushikamana na kasri ilikuwa gharama. Katika karakana ya mwanamfalme Baysunghur huko Herat, karne ya 15, mwandishi, mtia nakshi, mchoraji na mjalidi walikuwa watu mbalimbali, na wote walilishwa na hazina moja.

Pate nayo ilikuwa na masultani wa ukoo wa Nabhani, na fasihi ilistawi barazani mwao. Utendi wa Tambuka uliandikwa huko mwaka 1728. Lakini mafundi wa jirani yao Siyu hawakuwa na hazina ya kuchota dhahabu. Walitumia karatasi iliyoletwa na biashara ya bahari, na wino mweusi, mwekundu na wa njano. Njano ikakaa pale ambapo Baghdad wangepaka dhahabu. Pambizoni walichora alama za kuonyesha mwanzo wa juzuu. Ngozi ya majalada haikuwa taabu, kwani Siyu ilisifika kwa mafundi wa ngozi.

Mwaka 1863 Sultani Majid wa Zanzibar aliutiisha mji huo. Hata hivyo, lawama zote zisitupiwe vita: misahafu ya kupigwa chapa kutoka Bombay na Cairo ilikuwa rahisi kuliko kazi ya mkono, na mteja ni mteja.

Dhahabu ya kifalme ilifika Afrika Mashariki baadaye, lakini juu ya mbao. Sultani Barghash, nduguye Majid, alipojenga Beit el Ajaib mwaka 1883, milango yake ilichongwa aya za Kurani na kupakwa dhahabu. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020.

Misahafu kadhaa ya Siyu imo katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, Mombasa. Iliyobaki majumbani hukabiliwa na mchwa na unyevu wa chumvi. Kurasa za mwisho ndizo huchakaa mapema, nako ndiko katibu alikoandika jina lake na tarehe ya kumaliza kazi.